DNA na Protini Kutoka Chujio Moja: Nilivyofanikiwa na Maji ya Chwaka

Maji ya Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, yana tope na majani ya mikoko yaliyooza, kwa hiyo chujio la mikromita 0.22 ninalonasia bakteria ili nitoe DNA na protini zao huziba mapema mno. Niliwahi kuambiwa niongeze nguvu ya pampu, na simshauri mtu kufanya hivyo, kwani seli hupasuka na vilivyomo hupita na maji. Mimi hutanguliza chujio la mikromita 3, nalo silitupi, maana bakteria walionata kwenye chembe za tope hubaki humo, na jamii yao si ile ya wanaoelea.

Kosa lililoniumiza zaidi, lililopoteza sampuli za safari nzima pamoja na fedha za boti na za kemikali, lilitokana na ushauri kwamba nitoe DNA kwanza kwa njia ya kawaida, kisha protini nizitafute kwenye mabaki. Njia hiyo hutumia protinezi K, kimeng'enya ambacho kazi yake hasa ni kukatakata protini! Nilipoyapitisha mabaki kwenye jeli, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, na kuitia rangi ya buluu, sikuona mstari hata mmoja, ila wingu hafifu chini kabisa, vinakokimbilia vipande vidogo.

Mara ya pili nilikiacha kimeng'enya hicho. Nilizipasua seli kwa SDS (sabuni kali ya maabara) na shanga ndogo za kioo, kisha nikaongeza fenoli, kiyeyusho kinachojitenga na maji, yenye pH 8 (pH ni kipimo cha uasidi). Kipimo hicho ndicho kiini cha kazi yote: fenoli ikiwa na asidi, DNA huyahama maji, lakini kwenye pH 8 hubaki tabaka la juu, huku protini nyingi zikishuka kwenye fenoli. Nilivuta tabaka la juu polepole kwa pipeti, nikaacha maji kidogo juu ya utando mweupe wa katikati ili nisiuguse. Glavu ni lazima, kwa sababu fenoli huunguza ngozi huku ikiitia ganzi. Fenoli iliyobaki niliichanganya na methanoli yenye asetati ya amonia, nikailaza kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Asubuhi, baada ya kuizungusha kwenye sentrifuji, protini zilikuwa zimeganda kitakoni mwa kichupa, nyeupe kama ukoko wa chumvi. DNA ilikuwa bado na rangi ya chai ya yale majani yaliyooza, na PCR (mbinu ya kunakili DNA) ya jeni ya 16S, inayotambulisha bakteria, ilikataa hadi nilipoizimua mara kumi. Jeli zote mbili, ya DNA na ya protini, zilionyesha mistari iliyo wazi, na zote zilitoka kwenye chujio lilelile.