Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Mzee mmoja wa Malindi, Unguja, alituletea mashine yake ya santuri pamoja na sahani ya kundi la Queen la Uingereza, A Night at the Opera ya mwaka 1975, tumhamishie nyimbo kwenye kompyuta. Alikuwa na lalamiko moja: kwenye "Bohemian Rhapsody", kwaya ikipanda juu, sauti zinakwaruza. "Tepu yao ilichoka, wanangu," alisema, na hakutaka kusikia jingine.

Hakukosea sana. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 na kuhamia Uingereza na wazazi wake 1964, hakuwa na kwaya studio. Waliimba watatu tu, yeye na wenzake wa kundi, Brian May na Roger Taylor, wakirudia sauti juu ya sauti kwenye tepu ya treki 24, yaani njia 24 za sauti zilizo sambamba. Treki zikijaa, walizikusanya kwenye chache ili nyingine zipate nafasi, na kila tepu ilipopita mashineni ilipungua unga wake wa sumaku. Tepu ya namna hiyo huvuma. Haikwaruzi.

Tuliiosha sahani kwa maji ya betri (yale yasiyo na asidi) na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa kikifuata mifereji. Vumbi likatoka, mkwaruzo ukabaki.

Jibu lilikuwa kwenye mpangilio wa nyimbo. Wimbo huu ni wa nne kati ya nyimbo tano za upande wa pili, karibu kabisa na lebo. Mfereji wa ukingoni hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Wa ndani, 20 na kitu. Sauti nyembamba za Taylor hubanana hapo, na sindano iliyokaa mshazari haiwezi kuzifuata.

Ya mzee ilikaa mshazari. Tukalegeza skrubu mbili, tukainyoosha kwa karatasi ya vipimo, tukapandisha uzito wa sindano juu ya sahani kutoka gramu 1 hadi 1.5. Watu huogopa uzito, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka, na hiyo ndiyo inayochimba sahani. Tukarekodi, sauti kubwa kabisa ikibaki desibeli 6 chini ya kikomo cha kompyuta.

Mzee akasikiliza dakika zote 5 na sekunde 55. Mahali pawili mkwaruzo ulibaki: mfereji ulikwishachimbika, na hakuna skrubu ya kuurudisha.

"Basi niandikieni namba ya sindano mpya," akasema.