Namna nilivyoacha kulala na hesabu za biashara kichwani

Watu wakisikia mwenye biashara amechoka, humwambia apumzike. Nilipumzika. Nilifunga ofisi, nikasafiri, simu nikaitupa ndani ya begi, na mawazo yote yakasafiri nami. Kazi nyingi haikuwa shida yangu hasa. Shida ni kwamba kulikuwa na mambo niliyoyajua peke yangu: kwamba mteja wetu mkubwa hajalipa, kwamba rejesho la mkopo linakaribia, na kwamba mishahara ya mwezi ule itatoka endapo tu fedha fulani itawahi kuingia. Wafanyakazi hawakujua. Nyumbani hawakujua. Benki ndiyo kabisa, nisingependa hata ihisi.

Naendesha kampuni ndogo ya uchapaji, na kazi yenyewe naipenda. Lakini nikiulizwa habari za biashara, jibu lilikuwa lile lile la wafanyabiashara wote: tunashukuru, inakwenda. Jibu hilo hulitoa hata anayefunga ofisi keshokutwa.

Usiku ndio ulikuwa na kazi. Nilikuwa nashtuka saa tisa, nachukua simu, nafungua programu ya benki na kuangalia salio. Nilijua vizuri kwamba hakuna mteja anayelipa deni saa tisa usiku, ila kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe. Nikishaona salio ni lile lile, nasoma ujumbe wa mwisho wa mteja, ule wa “nitakujulisha wiki ijayo”, natafuta maana ambayo haimo. Kisha hesabu: nikitoa mishahara, nikatoa kodi ya jengo, nikaahirisha wino… Kukicha nimeshaifilisi kampuni mara kadhaa kichwani, na bado sijapiga mswaki.

Mchana yalikuja mengine. Simu ya mteja ikiita, nasonya kabla sijaangalia nani anapiga. Oda mpya ikiingia, badala ya kufurahi naona mzigo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchakazwa na kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likasema wazi kuwa ni jambo linalotokana na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimoyo, na kuona hufanyi lolote la maana. Ya pili ndiyo iliyonishtua, maana nilikuwa najihesabu mtu wa watu.

Nilikwenda kwa daktari nikilalamikia kichwa na usingizi. Ni njia ya wengi, mwili unatangulizwa mbele kama mshenga. Daktari alipima damu kwanza, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingoni huweza kumfanya mtu awe mchovu na mnyonge hivyo hivyo. Kisha akanipa karatasi ya maswali tisa, ile inayoitwa PHQ-9. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo, usingizi ukoje, unajiona umeshindwa? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na mtu akifika 10 huangaliwa kwa makini zaidi. Mimi nilipita 10. Daktari alinionya kuwa karatasi peke yake haitoshi kusema mtu ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Inaonyesha tu kwamba yapo ya kuzungumza. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama jibu lako kwa swali hilo si “hapana kabisa”, usisubiri wiki ijayo wala usisubiri biashara itulie. Mwambie mtu leo, uende hospitali leo.

Mimi sikuandikiwa dawa, nilielekezwa kwa mwanasaikolojia. Wapo wanaohitaji dawa, na kwa hao nina neno moja tu: dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili, kwa hiyo kuzitupa baada ya siku chache kwa kuwa “hazifanyi kazi” ni kujinyima nafasi.

Nilitegemea mwanasaikolojia aniulize habari za utoto wangu. Akaniuliza habari za ankara. Alitumia tiba ya utambuzi na tabia, ya mazungumzo inayomsaidia mtu kubadili anavyofikiri na anavyotenda, ambayo daktari wa akili Mmarekani Aaron Beck aliiwekea msingi miaka ya 1960, na jambo la kwanza alilonipa lilinichekesha: nipange muda wa kuwa na wasiwasi. Nusu saa, wakati ule ule kila siku, kiti kile kile, mbali na saa ya kulala. Mawazo yakinijia nje ya muda huo, niandike maneno mawili matatu kwenye daftari na kuyaambia yasubiri hadi saa kumi na moja jioni. Mbinu hii si mpya. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliifanyia majaribio miaka ya mwanzo ya 1980.

Siku za mwanzo haikusaidia lolote. Nilikaa na daftari nikijiona kichekesho. Kilichobadilisha mambo ni alipoona nilichoandika. Nilikuwa nimeandika “Mteja hajalipa. Itakuwaje?” Akasema hilo si wasiwasi bado, ni ukungu, niandike kitakachofanyika. Ukurasa wangu ukaanza kusomeka hivi: “Ankara ya kalenda. Apigiwe Jumanne asubuhi, si ujumbe. Aulizwe tarehe, si kama atalipa. Akisema hana, tumgawie mara tatu. Akikataa, hatuchapi oda yake nyingine.” Pembeni nilitenga sehemu ya mambo ambayo siku hiyo hayana la kufanywa, kama mashine kuharibika. Hayo niliyaandika na kuyaacha. Nilipogeuza kurasa za nyuma nikakuta kwamba wasiwasi wangu wote ulikuwa mambo matatu au manne yaliyokuwa yakibadilisha nguo. Usiku yalionekana jeshi.

Kikao kimoja akaniuliza nani mwingine anazijua hesabu hizi. Nikasema hakuna, wakijua watakimbia.

“Umewaambia wangapi wakakimbia?”

Sikuwa na hata mmoja. Kwa hiyo nikamwita fundi wetu mkuu, mtu mzima kuliko mimi, nikafunga mlango na kuanza kuzungukazunguka. Akanikatiza.

“Bosi, hilo tulishalijua.”

“Mmelijuaje, mzee?”

“Zamani karatasi zilikuwa zinaletwa za mwezi mzima. Siku hizi unanunua rimu chache kila oda ikiingia. Mtu akinunua hivyo hana hela.”

“Sasa mbona hamkusema?”

“Tungesemaje, na wewe kila asubuhi unatuambia mambo safi?”

Miezi yote ile nilikuwa nawaficha watu wanaosoma shida zetu kwenye rafu ya karatasi! Na hakuishia hapo. Akasema alikokuwa akifanya kazi zamani, mashine haikuwashwa kabla mteja hajatoa nusu ya fedha. Karani wetu wa mahesabu naye akaomba apewe yeye kazi ya kupigia wadaiwa, kwa kuwa haoni haya. Kweli haoni. Simu zake ni fupi na zina adabu, na mtu anakata akiwa ameshataja tarehe. Nyumbani mazungumzo yalikuwa magumu zaidi, maana mke wangu aliumia kwa kufichwa kuliko kwa deni lenyewe. Tuliyamaliza, na yatosha hapo.

Programu ya benki niliifuta kwenye simu. Salio huangaliwa ofisini asubuhi, na karani ndiye anayeniandikia. Usingizi nao una kanuni zake: kahawa ya jioni niliiacha, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, na nikikaa kitandani kama dakika ishirini bila usingizi, naondoka, nakaa chumba kingine hadi uje wenyewe. Mazoezi yalisaidia kiasi. Kanda za kuhamasisha hazikunisaidia kabisa, hasa zile za kujisifu kulala saa chache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mimi bado sijashuka hadi saa 40 kwa wiki, nikiri. Mwisho wa mwezi hasa.

Ndiyo maana miadi yangu na mwanasaikolojia naipanga kabla ya mwisho wa mwezi, wakati kichwa cha zamani kinapoanza kurudi. Kile kipimo cha maswali tisa nimekirudia, na alama zimeshuka chini ya 10, ingawa kuna miezi zinapanda kidogo.

Kuhusu malipo ya awali, wateja wachache walikasirika wakahama. Waliobaki wanalipa nusu, isipokuwa wale wa siku nyingi ambao mimi bado nawaonea haya. Fundi anasema hao ndio wa kwanza kudaiwa. Hatujakubaliana, na ndilo lililoandikwa kwenye daftari kwa saa kumi na moja ya leo.