Jinsi nilivyotuliza upepo uliokuwa ukitikisa helmeti yangu
Kila nilipoendesha pikipiki yangu kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, helmeti yangu ilitikisika hata macho yakaona ukungu. Nilibadilisha helmeti, kisha nikafunga kioo cha mbele kirefu zaidi, nacho, kwa mshangao wangu, kikazidisha mtikisiko. Kumbe nyuma ya kioo mgandamizo wa hewa hupungua, na upepo unaopita juu yake huvutwa urudi kwa kishindo kichwani. Nililegeza boliti, nikaweka pete nene za mpira kati ya kioo na vishikio vyake ili chini ibaki nafasi ya takriban sentimita 2 ya kupitisha hewa, kisha nikakishusha kioo hadi ukingo wake wa juu ukawa chini kidogo ya macho, nikawa natazama juu yake, jambo linalofaa pia mvua inaponyesha. Mtikisiko umekwisha; mvumo mdogo tu ndio uliobaki.