Bao Halali

Kete zilikuwa zimelia dakika tano nzima, ko, ko, ko, bila kupumua, ndipo uso wa mzee ukatokea dirishani.

"Nani humu anacheza bao halali?"

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita akadakia: "Ni halali, babu! Hatuchezei pesa."

"Sikuulizi halali ya sheikh. Nauliza nani huyo anaokota tu kete, halali! Hachoki?"

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2016, Ngamiani, Tanga, kwenye chumba cha mbele cha shangazi yangu. Nilikuwa na kompyuta tatu za mitumba na watoto tisa, watatu kwa kila mashine, wakigombea kipanya. Mashine zilikuwa nzee mno, ndiyo maana tulitumia Scratch toleo la 1.4, la mwaka 2009, niliyoibeba kwenye flashi. Ni programu ya watoto iliyotengenezwa chuo kikuu cha MIT, Marekani: huandiki msimbo kwa herufi, unapachika matofali ya rangi yanayoshikana kama vipande vya fumbo. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, nasi tukayapa majina yetu. Tofali la "forever", linalorudia kazi bila kukoma, tukaliita Milele, na wanangu walilipenda kupita kiasi. Paka akitembea, Milele. Ngoma ikilia, Milele. Nami sikuwakataza, kosa langu hilo.

Wazo la bao lilikuwa lao. Barazani kwa shangazi bao halikauki, na wao ndiko walikolelewa. Nikawaambia tuanze kidogo: upande wa mchezaji mmoja tu, mashimo 16, kila shimo kete 2. Tukatengeneza orodha ya namba 16, kila namba ni idadi ya kete shimoni. Binti mmoja mkimya akachukua simu yangu, akatoka barazani, akarekodi komwe, ile mbegu ya kete, ikianguka kwenye bao la mti. Sauti hiyo ndiyo tuliyoipachika ilie kila kete inapoingia shimoni.

Saa ya kwanza ilituishia kwenye shimo la 17. Kompyuta ikishatia kete shimo la 16 inaendelea mbele, na la 17 halipo, basi kete zinapotea kimya kimya, hata lawama hakuna. Watoto walijumlisha orodha, 32 zimekuwa pungufu, wakatazamana kama wenye duka walioibiwa. Hilo tulilitengeneza: baada ya 16, rudi 1.

Tukabonyeza tena bendera ya kijani, ile ya kuanzisha programu. Sasa kete zikazunguka vizuri, zikazunguka, zikazunguka. Watoto wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeinamia mashine ya pili, yenye kibodi isiyo na herufi A, hata sikuangalia.

Mzee alivua makubazi akaingia. Watoto wote: "Shikamoo babu!" Akaitikia marahaba akiwa ameshakodolea macho kioo. Nilimweleza kuwa kompyuta inaanzia shimo la kwanza, inaokota, inatembeza, kete ya mwisho ikiangukia shimo inaokota tena.

"Na shimo likiwa tupu?"

Nilinyamaza. Hatukuwa tumeiambia kitu kuhusu shimo tupu. Ikifika pale inakuta kete 1, ile ile iliyoitia yenyewe sasa hivi, inaiokota, inasonga mbele.

"Mwanangu, hii yenu haijui kulala," akasema. Kisha akatoka, akarudi amekumbatia bao lenyewe, akaliweka sakafuni, akamwaga kete zilizokuwamo na kupanga 2, 2 upande mmoja. "Tazameni."

Akaanza. Okota 2, okota 3, tena 3, na 3, vidole vyake vinakwenda haraka kuliko macho yangu. Binti mkimya alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. Mara ya 7 kuokota, kete 4 mkononi, ya mwisho ikaangukia shimo la 6. Tupu. Mzee akanyoosha viganja juu. "Nimelala."

Binti hakusubiri niseme neno. Alilivuta tofali la Milele nje ya kazi, akatafuta lile la njano tulilokuwa hatujawahi kuligusa, Rudia Mpaka, akaliwekea sharti: mpaka shimo ilipoangukia kete ya mwisho liwe na kete 1. Bendera ya kijani. Ko, ko, ko, na sote tisa na mimi na mzee tukihesabu pamoja. Shimo la 6. Kimya.

Nimefundisha watoto wengi tangu siku ile, na bado sijapata maelezo ya sharti la kitanzi, yaani la kusimamisha amri inayojirudia, yanayoshinda yale ya sakafuni.

Mzee hakufurahi sana. "Sasa mbona hali kete za mwenzake?"

"Hana mwenzake bado, babu."

"Basi hilo si bao, huko ni kupanga njugu. Mpeni mtu wa kumla."

Alikuwa bado anatusimanga aliposimama mlangoni mzee mwingine, miwani mkononi, kajawa na hasira. Kumbe mchezo ulikuwa katikati, na bao lile alilolimwaga wetu ndilo alilokuwa akifungwa.

"Umeona unalala," akafoka yule wa mlangoni, "ukakimbilia kwa watoto!"