Kabla hujanunua pampu kubwa, lipigie hesabu bomba

Mtu akiona maji yanatoka kinyonge bafuni au kule mwisho wa shamba, wazo la kwanza ni pampu, au anyanyue mnara wa tenki, na mi kila siku nasema jamani shikeni kalamu kwanza, maana mara nyingi presha ipo kabisa ila inaliwa njiani na linaloila ni bomba lenyewe.

Tuanze na maji yaliyosimama. Kila mita 10 za kimo zinakupa kama bar 1 (bar ni kipimo cha presha), basi. Tenki likiwa mita 12 juu ya koki na koki imefungwa, geji itasoma karibu bar 1.2 hata bomba liwe nene kama paja au jembamba kama kidole, haibadiliki. Hapo ndo watu wanapodanganyika, unaziba mdomo wa bomba na dole gumba, maji yanasukuma kwelikweli, unasema presha si hii hapa! Ipo ndiyo, lakini ukiachia yakaanza kutembea yanasugua kuta za bomba njia nzima na kila mita yanayopita yanapoteza kidogo.

Kidogo kiasi gani? Kwa maji safi ya kawaida natumia fomula ya Hazen na Williams, wahandisi wawili wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kazi za nyumbani na mashambani inatosha kabisa (kwa mafuta au kitu kizito haifai, huko tumia ya Darcy na Weisbach). Iko hivi: kimo kinachopotea kwa kila mita ya bomba = 10.67 × Q^1.852 ÷ (C^1.852 × d^4.87). Q ni maji kwa mita za ujazo kwa sekunde, d ni kipenyo cha ndani kwa mita, C ni ulaini wa bomba, plastiki weka 150, chuma kilichozeeka weka 100 au hata chini ya hapo. Vipeo visikutishe, fungua kalkuleta ya simu alafu ilaze simu upande, kwenye simu nyingi utaona kitufe cha x^y kimetokea.

Sasa tazama kipeo cha d, 4.87, yaani karibu 5. Hapo ndo kwenye siri yote.

Chukua shamba la mteremko kama yale ya Lushoto, tenki liko mita 12 juu ya bustani, bomba la plastiki linatembea mita 200, na unataka nusu lita kwa sekunde, yani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 40. Ukiweka bomba lenye uwazi wa ndani wa milimita 20 unapoteza mita 14.4 za kimo kwa kila mita 100 za bomba, kwa hiyo karibu mita 29 kwa safari nzima, na we una 12 tu, haiwezekani, maji yatajipunguza yenyewe mpaka hesabu ikubali, utapata kama lita 0.31 kwa sekunde, ndoo inajaa kwa zaidi ya dakika moja na mwisho wa bomba hakuna nguvu yoyote ya kuzungusha springla. Weka milimita 25, unapoteza 4.9 kwa mita 100, jumla karibu 10, unabaki na 2. Weka 32, unapoteza 1.5 tu kwa mita 100, jumla kama 3, unabaki na mita 9 nzima! Kutoka 20 kwenda 32 upotevu umeshuka karibu mara kumi. Na ungeng'ang'ania lile la 20 ungetakiwa kunyanyua tenki mita 17 zaidi, sijui nani anajenga mnara huo kwa ajili ya mchicha.

Dukani kuwa makini sana. Namba ya mabomba ya plastiki ya HDPE na PPR ni kipenyo cha NJE, na PN ni daraja la presha ambayo bomba linahimili. PPR ya 32 ya PN20 ina ukuta wa milimita 5.4, ndani unabaki na 21 na kidogo, wakati HDPE ya 32 ya PN10 ndani inafika kama 28. Zote zinaitwa 32, ila kwa maji yaleyale hiyo ya kwanza inakula presha karibu mara nne ya mwenzake. Beba rula, pima ndani.

Elbo nazo zinakula, kila moja kama sentimita 5 maji yakitembea mita 1 kwa sekunde. Kwenye mita 12 si kitu, ila kama tenki liko mita 3 tu juu ya shawa na fundi kaweka elbo kumi, nusu mita imekwenda.

Kama lazima pampu, jumlisha kimo cha kupandisha, msuguano, na presha unayotaka kwenye koki. Mfano 8 + 5 + 10 = mita 23, kwa lita 30 kwa dakika. Kibandiko cha pampu kikisema mita 40 na lita 40 kwa dakika usifurahi, hivyo viwili havitokei pamoja, mita 40 ni pale maji hayatoki kabisa na lita 40 ni pale hakuna mlima, kwa hiyo omba mchoro wa pampu uangalie kwenye mita 23 inatoa ngapi. Na ile 5 ya msuguano, kama ni mita 100 za bomba la 25, ukienda 32 inakuwa 1.5, unapunguza mzigo ambao ungeulipia umeme wa LUKU kila siku.

Wenye nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, nyie ndo mnaumia zaidi. Chuma chenye kutu, C ikiwa 100 badala ya 150 ya plastiki, upotevu unakuwa zaidi ya mara mbili, na kutu ikiziba bomba la 25 likabaki 20 unazidisha tena mara tatu, jumla mara sita na ushee kwa maji yaleyale. Fungua kipande kimoja karibu na mita ya maji, chungulia ndani, pima uwazi uliobaki, ndo hiyo d ya kuweka kwenye fomula, siyo ile iliyoandikwa kwenye risiti ya wakati nyumba inajengwa.