Maktaba ilikuwa kimya, lakini wasichana walikuwa wameacha kuja

Mtu akisikia unasimamia maktaba, swali lake la kwanza huwa ni kelele: unawanyamazishaje watoto? Kelele ni kazi nyepesi. Mpiga kelele unamsikia, unamfuata, unamwambia, anapunguza au anatoka. Walionipa shida katika maktaba yetu hapa Iringa ni watu waliokuwa kimya kabisa.

Maktaba yenyewe ni ndogo: chumba kirefu cha kusomea, kona ya watoto, na kijichumba cha nyuma chenye magazeti ya zamani. Kukaa na kusoma hakuna malipo, kwa hiyo huingia kila aina ya mtu. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa Novemba, wanachuo, wazee wa magazeti, mama anayesubiri mvua ikatike. Ikifika Juni, baridi ya huku juu ikianza kung'ata, wanaongezeka hata wasio na haja ya kitabu. Sina ugomvi nao. Anayeingia leo kukwepa upepo, kesho utamkuta na gazeti.

Nilipokabidhiwa usimamizi nilianza kupitia daftari la wageni ili niandike ripoti, na hapo ndipo nikaona jambo. Asubuhi majina ya kike yalikuwa mengi. Mchana yanapungua. Baada ya saa tisa, muda ambao shule zinatoka na chumba kinafurika, ni wavulana na wanaume watupu. Nikauliza wenzangu, nikajibiwa kuwa wasichana wana kazi za nyumbani. Wanazo, nani asiyejua. Lakini wasichana wale wale nilikuwa nawaona wamekaa kwenye ngazi za jengo la jirani, madaftari mapajani, upepo unawapiga.

Nikawa napita hapo, nakaa nao kidogo, tunaongea habari za shule. Ilichukua muda mpaka binti mmoja akanionyesha simu ya mama yake. Kulikuwa na ujumbe kutoka namba ngeni: nimekuona maktaba leo, umependeza. Mama alikuwa amemgombeza yeye. Namba imepatikana wapi? Kwenye daftari letu la wageni. Lilikuwa limechorwa safu kama madaftari ya kila ofisi unayoijua: jina, unakotoka, namba ya simu, muda, sahihi. Lilikaa wazi juu ya meza ya mlangoni. Mtu anasimama nyuma ya msichana kana kwamba anasubiri zamu yake ya kuandika, anasoma, anaondoka na namba. Hana haja hata ya kuomba.

Niliwauliza wenzangu namba hizo tunazitumia kwa kazi gani. Hakuna aliyekumbuka kumpigia mgeni yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi zile zinazohitajika kwa lengo hilo. Nilipoipeleka hoja kwenye kamati sikuhitaji kupaza sauti. Sasa anayekuja kusoma tu haandiki chochote. Karani anapiga mistari kwenye karatasi, Ke upande mmoja, Me upande mwingine, na ripoti inatoka vizuri tu. Wanaoazima vitabu namba zao zipo kwenye kadi, kadi zipo kwenye droo, droo ina ufunguo.

Hilo lilikuwa la daftari. Chumba nacho kilikuwa na yake. Rafu ndefu zilipangwa kukata chumba, zikaacha vichochoro ambavyo ukiwa mezani huvioni. Tulizigeuza ili kila kichochoro kitazame meza ya mapokezi. Kazi hiyo ilitula wiki nzima ya vumbi, maana vitabu vinashuka vyote na vinarudi kwa mpangilio wa namba, na kila aliyejitolea kusaidia alikuwa na mpangilio wake kichwani. Kijichumba cha magazeti tulikiondolea mlango kabisa. Meza yangu, iliyokuwa imejificha ofisini, nikaisogeza hadi mahali ninapoona mlango na kona ya watoto kwa pamoja.

Mlangoni kulikuwa na tangazo refu, kila mstari unaanza na HAIRUHUSIWI. Kula, kulala, kuongea, kupiga picha, kuchana kurasa. Sikuwahi kumwona mtu akilisoma. Tulilitoa tukaweka karatasi yenye mambo machache, na lililo juu ya yote ni hili: usimsumbue mwenzako, na ukisumbuliwa njoo mezani, utasikilizwa. Kisha tukaanza kumsalimia kila anayeingia. Kamwene, baba. Kamwene, mama. Shikamoo, mzee. Kuna mwenzangu aliona tunapoteza muda, lakini mimi naamini salamu ndiyo iliyofanya kazi kuliko karatasi. Mtu akisalimiwa anajua ameonekana. Aliyekuja kusoma anafurahi, na mwenye nia nyingine hapendi kabisa kuonekana.

Mmoja wa hao alikuwa mtu mzima, nadhifu, msomaji wa kila siku. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa anahama viti: binti akikaa dirishani naye yupo dirishani, binti akihamia meza ya katikati naye anakusanya gazeti lake. Ukimuuliza mtu amefanya nini, hana la kusema. Niliomba mwalimu mstaafu anayetusaidia mchana asimame karibu, maana sipendi mazungumzo ya namna hiyo bila shahidi, na sipendi pia kuyafanya mbele ya chumba kizima. Tukamwita barazani.

“Kaka, nimeona kila binti yule akihama na wewe unahama. Naomba ukae meza za upande ule.”

“Dada, kwani kukaa ni kosa?”

“Kukaa si kosa. Kumfuata mtu ndani ya maktaba hii haturuhusu.”

Alianza kunieleza alivyo na mabinti nyumbani wa umri huo. Nikamwacha amalize, nikarudia sentensi ile ile. Siri ya kazi hii, kama ipo, ni kutojadili nia. Nia huwezi kuithibitisha, na mtu mwenye maneno atakushinda. Sema ulichokiona kwa macho, sema unachotaka kifanyike, nyamaza. Alirudia tena baada ya muda, akaandikiwa barua ya kuzuiwa kuingia kwa kipindi, imesainiwa na kamati wala si na mimi peke yangu. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba tunamwaibisha mtu mwenye familia. Mwalimu wetu alimuuliza kama wasichana waliokuwa wanasomea kwenye ngazi hawana familia.

Kuna mambo ambayo hayaishii kwa kamati wala barazani. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na hao ndio wengi wa wateja wetu wa mchana. Mtu akimgusa mtoto, au akimtumia maneno ya kimapenzi, tunapeleka Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Hatuiti wazazi wa pande mbili wakae wayamalize. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo kupiga ni bure, imebandikwa kwenye kona ya watoto na pia ndani ya mlango wa choo cha wasichana, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Heshima hiyo hiyo ilitubidi tuitafute upande wa pili. Kuna mama anayekuja na mifuko yake, anaongea peke yake kwa sauti ya chini, anapanga magazeti kwa tarehe vizuri kuliko karani wetu. Wasomaji kadhaa walitaka tumtoe. Niliwauliza amewafanyia nini. Harufu, mmoja akasema. Nikamwonyesha kiti cha mbali. Msimu wa mvua, ulanzi, pombe ya mianzi, ukiwa mwingi, kuna wanaoingia wamechangamka. Anayesinzia juu ya gazeti tunamwacha asinzie. Anayetukana anatoka, lakini hashikwi mkono: mmoja wetu anaongea naye kwa sauti ya chini kuliko yake, mwingine anawahamisha watoto, na njia ya mlangoni inaachwa wazi asijione amezingirwa. Mara nyingi anatoka mwenyewe huku akitubariki.

Yote hayo tunayaandika kwenye daftari la matukio. Mwanzoni vijana wetu wa kujitolea waliandika maneno kama “mlevi msumbufu” au “mwanamke kichaa”. Nikawaomba waandike tarehe, saa, kilichoonekana na kilichosemwa, basi. “Alipiga meza kwa ngumi, akaombwa atoke, akatoka.” Kamati ikisoma hivyo inaweza kuamua. Ikisoma “msumbufu” inaanza kubishana kuhusu tabia za watu.

La jiko nusura nilisahau. Asubuhi moja ya Julai nilimkuta mlinzi ameingiza jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, watu wanamshukuru. Alikuwa na moyo mzuri. Lakini mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, unalegea, na katika maktaba nani atashangaa kumwona mtu amelala juu ya kitabu? Hao ndio huishia kubebwa, wengine bila kuamka. Jiko lilitoka saa hiyo hiyo, tukafungua madirisha yote, tukapiga marufuku moto wa aina yoyote ndani, hata dirisha likiwa wazi, maana karatasi nazo tunazo tele. Badala yake meza za asubuhi tumezisogeza upande wa mashariki, jua linapoingia, na mama muuza chai amepewa nafasi barazani. Biashara yake inakwenda vizuri kuliko zote mtaani, nadhani.

Wasichana walirudi polepole, kwanza wawili wawili, wakikaa karibu na meza yangu, kisha wakaanza kusambaa. Siku hizi wananisumbua kwa kucheka.

Tatizo lililobaki ni choo. Kipo nyuma ya jengo, unakifikia kwa ujia mwembamba usio na taa, na jioni hakuna binti anayetaka kupita pale peke yake. Ufunguo unakaa kwangu, na anayekwenda husindikizwa na mfanyakazi mwanamke, jambo ambalo wengine wanaliona aibu na nawaelewa. Taa imo kwenye bajeti ya mwaka ujao. Mpaka iwekwe tunafunga maktaba saa kumi na mbili kamili badala ya saa moja na nusu, na kidato cha nne wote hawanisemeshi.