Mlimau wangu haukuwa na kiu, ulikuwa na baridi ya miguu

Kila aliyeuona mlimau wangu ukipukutisha majani alitoa dawa ile ile: mwagilia. Nami nikamwagilia. Kadiri nilivyomwagilia ndivyo ulivyozidi kupukutisha, hadi asubuhi moja nikazoa majani sakafuni nikayahesabu: 31. Mabichi kabisa, hayana hata doa la manjano.

Nilikuwa nimeuweka mahali panaposifiwa na wote, kwenye dirisha kubwa lenye jua, chungu juu ya vigae. Nje theluji. Shemeji akashauri niusogeze karibu na hita. Haikupita muda ncha za majani zikakauka kama karatasi, na upande wa chini ukatanda utando mwembamba. Utitiri! Hao hupenda joto na hewa kavu, na mimi nilikuwa nimewajengea ikulu.

Nikaurudisha dirishani. Kisha, na hapa ruksa kucheka, nikakivisha chungu sweta. Sweta langu la sufu, mikono nimeifunga kwa mbele, kikawa kama mzee aliyekunja mikono akimsubiri mtoto aliyechelewa kurudi. Kikapendeza. Majani yakaendelea kuanguka.

Usiku nikiwa kitandani ndipo akili ikanirudia: sweta humfaa mtu kwa sababu mtu ana joto lake la kutunza. Chungu kina joto gani? Nikaamka, nikachukua kile kipimajoto cha kupimia nyama, nikakichomeka kwenye udongo. Nyuzi 9! Chumbani nyuzi 19. Na mizizi ya jamii hii ya milimau na michungwa karibu huacha kunyonya maji udongo ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13 hivi. Kumbe juu jua linayakausha majani, chini mizizi imekufa ganzi kwenye tope baridi nililolikoroga mwenyewe, na mti unayatupa majani usije ukakauka wote.

Dawa ikawa stuli. Stuli ya mbao tu, chungu juu yake, mbali kidogo na kioo. Maji nikayakata zaidi ya wiki mbili. Siku hizi nainua chungu kwanza, kikiwa chepesi ndipo napeleka maji, tena ya uvuguvugu. Atakayekwambia utie mbolea wakati mti umelala, mshukuru kisha usifanye. Utitiri niliumaliza bafuni, nikisuuza chini ya kila jani kwa maji yenye sabuni kidogo, mara moja kwa wiki, wiki 3. Mlimau una miiba, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Sweta likapata kazi yake.

Taa ya LED ya mimea niliinunua baadaye, naiwasha kwa muda wa saa 12 kila siku. Haikunifilisi.

Kabla baridi haijaisha ukatoa maua. Nyumbani hamna nyuki, basi nikachukua brashi ndogo nikawa nahamisha chavua ua hadi ua. Mume wangu akauliza nampaka nani wanja. Vilishika vilimau vinne, vitatu vikaanguka, kama kawaida yao. Kimoja kipo, sasa kimefikia ukubwa wa gololi.

Juzi shemeji alikuja, akakizunguka, akakiminya kidogo nikashtuka moyo.

"Unaona?" akasema. "Si nilikwambia kinahitaji maji?"